Vikomo vya Miunganisho na Kipimo Data kwenye Torenti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa ajili ya wanaotumia mitandao ya rika kwa rika, ambamo kompyuta za watumiaji hupeana data moja kwa moja, hasa torenti, kwenye laini ya intaneti inayotumiwa na zaidi ya mtu mmoja: nyumba yenye ruta moja, ofisi ndogo, maabara ya kompyuta ya shule, au chumba ambacho intaneti yake inatoka kwenye bando la simu. Mifano mingi imetoka kwenye programu za qBittorrent na Transmission kwa sababu ndizo ninazozitumia kila siku kugawa faili za ISO za Debian na Ubuntu, yaani faili za kusakinishia mifumo hiyo ya Linux, lakini kanuni hazibadiliki hata ukitumia programu nyingine.

Kwa nini torenti inahitaji vikomo, ilhali kupakua kwa kivinjari hakuhitaji?

Unapopakua faili kwa kivinjari, kompyuta yako inazungumza na seva moja kwa muunganisho mmoja au michache, na karibu data yote inakuja upande wako. Torenti, ambayo Bram Cohen aliianzisha mwaka 2001, inafanya kazi kwa namna nyingine: faili inakatwa vipande, kila kipande kinaombwa kwa mafungu ya kilobaiti 16, na kila kompyuta iliyomo kwenye kundi, ambayo hapa tutaiita mwenza, inapokea kutoka kwa wenzake na kuwapa wenzake kwa wakati huohuo. Ndiyo maana kompyuta moja tu ya sebuleni inaweza kuwa na miunganisho mia mbili kwa pamoja, na upakiaji wake usikatike hata usiku wa manane.

Laini nyingi za nyumbani zina upakuaji mpana na upakiaji mwembamba. Programu ya torenti isipoambiwa iishie wapi itajaza nafasi yote inayoikuta, na haifanyi hivyo kwa hitilafu, kwani ndiyo kazi iliyotengenezewa. Aliyekaa mbele ya kompyuta anaiona faili ikiingia vizuri, wakati anayeumia yuko chumba cha pili, kwenye simu ya video inayokatikakatika.

Nikiongeza idadi ya miunganisho, kasi itaongezeka?

Kwa kawaida haiongezeki, na swali hili linastahili jibu refu kwa sababu ushauri wa kupandisha namba hadi elfu moja au elfu mbili bado unazunguka sana na unawaharibia watu laini zao.

Kuunganishwa na mwenza si sawa na kupewa data naye. Torenti inaendeshwa kwa kanuni ya nipe nikupe: kwa mujibu wa maelezo ya awali ya itifaki, kila programu huwafungulia wenza wanne wanaoipa data kwa kasi kubwa zaidi, na wengine wote inawabana, maana yake muunganisho upo lakini hakuna kinachopita. Hesabu hiyo hurudiwa kila baada ya sekunde 10. Aidha, kila baada ya sekunde 30 hufunguliwa mwenza mmoja kwa kubahatisha, bila kuangalia ametoa nini, ili mgeni asiye na kipande hata kimoja apate cha kuanzia na ili programu ijaribu kama kuna mwenza bora kuliko wale wanne. Programu za leo zimeongeza maarifa yake juu ya msingi huo, lakini msingi wenyewe haujabadilika.

Unaweza kuliona jambo hili kwa macho yako. Fungua torenti yoyote inayoendelea, nenda kwenye orodha ya wenza, kisha panga orodha hiyo kwa safu ya kasi ya kupakua. Nilipofanya hivyo wiki iliyopita kwenye ISO ya Debian niliyokuwa naipakua, wenza hamsini walikuwa wameorodheshwa, lakini ni tisa tu waliokuwa na namba yoyote kwenye safu hiyo, na watatu wa juu walikuwa wanaleta zaidi ya nusu ya kasi yote. Wale arobaini na mmoja waliobaki walikuwa wanatumia kumbukumbu ya ruta, na kila mmoja alihitaji ujumbe mdogo wa mara kwa mara ili muunganisho wake usife.

Wenza wengi wana faida moja ya kweli, nayo ni kukuongezea nafasi ya kukutana na mwenye kipande adimu. Faida hiyo inakwisha mapema, kwa sababu kundi lenye watu wa kutosha halina kipande adimu, na kundi lenye watu sita haliwezi kukupa wenza mia hata ukiomba elfu.

Niweke namba zipi basi?

qBittorrent inakuja na kikomo cha miunganisho 500 kwa programu nzima na 100 kwa kila torenti, pamoja na nafasi 20 za kupakia, yaani wenza unaowapa data kwa wakati mmoja, kwa jumla na 4 kwa kila torenti. Transmission ni ya kiasi zaidi, kwani huanza na wenza 200 kwa jumla na 50 kwa kila torenti. Kwa nyumba yenye ruta ya kawaida iliyotolewa na kampuni ya intaneti, ninaanzia kwenye namba za Transmission hata ninapotumia qBittorrent, na kwa ruta ndogo ya laini ya simu ninashuka hadi 80 au 100 kwa jumla na 30 kwa torenti. Sijawahi kuona kasi ikipungua kwa sababu hiyo kwenye faili yenye wenza wa kutosha.

Kwa nini intaneti ya nyumba nzima inakwama ninapopakia, ilhali upakuaji hauhusiani na upakiaji?

Vinahusiana sana. Kila kinachoingia kwa TCP, njia ya kawaida ya kusafirisha data kwenye intaneti, lazima kijibiwe kwa pakiti ndogo inayotoka, ya kusema kwamba data imefika. Ukipakua kwa megabiti 20 kwa sekunde, unapokea pakiti kama 1,660 kila sekunde, na kwa kuwa kwa kawaida jibu moja linatosha kwa pakiti mbili, kompyuta yako inatuma majibu zaidi ya 800 kila sekunde, ambayo kwa pamoja ni takriban kilobiti 350. Ni kiasi kidogo, lakini kinapita kwenye mlango uleule mwembamba wa kutokea ambao torenti imekwisha kuujaza. Majibu yakikwama foleni, anayekutumia data anadhani njia imechafuka, anapunguza mwendo, na upakuaji unashuka hata kama nafasi yake haijaguswa.

Foleni yenyewe ndiyo kiini cha tatizo. Modemu na ruta nyingi zina akiba ya kuhifadhi pakiti zinazosubiri zamu, na watengenezaji wameifanya kubwa wakidhani kwamba kutopoteza pakiti ni jambo jema siku zote. Chukua akiba ya kilobaiti 256 kwenye laini yenye upakiaji wa megabiti 1: akiba hiyo ikijaa, pakiti inayoingia nyuma ya foleni inasubiri kama sekunde 2 kabla haijatoka. Ukurasa mmoja wa wavuti unahitaji safari kadhaa za kwenda na kurudi kabla haujafunguka, na kila safari inalipa sekunde hizo mbili. Simu ya sauti kwenye hali hiyo haizungumziki kabisa.

Jipimie mwenyewe, kwa sababu kipimo hiki kinaonyesha zaidi kuliko kile cha kasi. Zima torenti, fungua dirisha la amri, na utumie amri ya ping kuelekea seva yoyote ya nje, ukiiacha iendelee. Kisha washa torenti bila kikomo cha kupakia na uangalie namba zinavyobadilika. Nyumbani kwetu, siku nilipoelewa jambo hili, jibu lilikuwa linarudi kwa milisekunde 40 hivi, na baada ya nusu dakika ya torenti likafika 1,900. Mdogo wangu alikuwa kwenye kipindi cha masomo kwa video chumba cha pili, na kwa majuma mawili alikuwa ameniambia kwamba mwalimu anaganda kila jioni, nami nikimjibu kwamba ni mtandao wa kampuni. Haukuwa wa kampuni. Nilipoweka kikomo cha kupakia namba zikarudi kwenye 45 na 50 papo hapo, bila kuwasha upya chochote, na torenti ikaendelea kupakua kwa kasi ileile.

Kikomo cha kupakia nikihesabu vipi?

Pima kwanza upakiaji wako halisi wakati hakuna mwingine anayetumia laini, mara tatu kwa saa tofauti, na uchukue namba ndogo kuliko zote. Usitumie namba iliyoandikwa kwenye mkataba. Kisha chukua asilimia 80 ya namba hiyo, na kama laini ni ya simu, ambayo kasi yake hupanda na kushuka kulingana na watu waliomo kwenye mnara, anzia kwenye asilimia 50 au 60.

Kosa linalorudiwa zaidi hapa ni la vipimo. Kampuni za intaneti huhesabu kwa megabiti, na programu za torenti huhesabu kwa kilobaiti, na baiti moja ina biti 8. Upakiaji wa megabiti 10 kwa sekunde ni sawa na kilobaiti 1,250 kwa sekunde, kwa hiyo asilimia 80 yake ni kilobaiti 1,000. Anayeandika 8,000 kwenye kisanduku akidhani anaweka megabiti 8 anakuwa hajaweka kikomo chochote.

Baada ya hapo gawanya kikomo kwa nafasi za kupakia, maana hapo ndipo hesabu inapokuwa na maana kwa wenzako kwenye kundi. Kilobaiti 1,000 zikigawanywa kwa nafasi 20, kila mwenza anapata 50, ambacho ni kiasi cha heshima. Lakini mwenye upakiaji wa megabiti 1 ana kilobaiti 100 tu baada ya kikomo, na nafasi 20 zitampa kila mwenza kilobaiti 5, yaani fungu moja la kilobaiti 16 linachukua zaidi ya sekunde 3 kumfikia. Huyo unamchelewesha tu, na kwa kanuni ya nipe nikupe naye hatakuona kama mtu wa kufunguliwa. Mwenye laini ya namna hiyo aache torenti mbili tu zikiendelea, zenye nafasi nne nne, ili kila mwenza apate kilobaiti 12 na nusu. Kuwapa wachache kwa kiasi kinachoonekana kunawasaidia wao na kunakusaidia wewe.

Angalia pia kisanduku cha kuhesabu gharama za usafirishaji ndani ya kikomo, ambacho kwenye qBittorrent kwa kawaida huwa hakijawekwa alama. Bila alama hiyo, kikomo kinahesabu data ya faili peke yake, na vichwa vya pakiti vinakaa nje ya hesabu. Kwenye laini nyembamba, kiweke alama.

Je, niweke upakiaji kuwa sifuri ili nisisumbue mtu?

Kwenye qBittorrent sifuri maana yake ni bila kikomo, kwa hiyo utapata kinyume cha ulichotaka. Kuweka kilobaiti 1 nako hakufai, kwa kuwa wenza wanaopakua watakubana kwa kutowapa kitu, na utabaki ukitegemea ile zamu ya kubahatisha ya kila sekunde 30 pamoja na ukarimu wa wenye faili kamili.

Na upakuaji, nao uwekewe kikomo?

Kama laini ni ya pamoja, ndiyo, kwa asilimia 80 au 85 ya kasi iliyopimwa, kwa sababu hata upakuaji una foleni yake upande wa kampuni. Ukiwa peke yako nyumbani, unaweza kuuacha.

Ruta yangu inaganda kila baada ya saa chache na lazima niizime na kuiwasha. Torenti inahusikaje?

Ruta ya nyumbani inazifanya kompyuta zote za ndani zionekane nje kwa anwani moja ya IP. Ili ijue jibu linaloingia ni la nani, inaweka daftari lenye mstari mmoja kwa kila mazungumzo yanayoendelea, na daftari hilo lina ukubwa maalumu. Likijaa, mazungumzo mapya yanakataliwa. Dalili yake inatambulika kwa urahisi: kilichokuwa kimeunganishwa tayari kinaendelea, kwa mfano redio ya mtandaoni inaimba bila shida, lakini hakuna ukurasa mpya unaofunguka, kisha mtu anachomoa waya wa umeme, daftari linafutika, na kila mtu anaamini kwamba ruta ni mbovu.

Torenti inalijaza daftari hilo kwa njia mbili. Ya kwanza ni miunganisho ya wenza yenyewe. Kwenye mfumo wa Linux, ambao ndio ulio ndani ya ruta nyingi, muunganisho wa TCP uliokamilika usiofungwa vizuri unaweza kubaki kwenye daftari kwa sekunde 432,000, yaani siku 5, kama mtengenezaji hakubadilisha mpangilio wa asili. Mwenza aliyezima kompyuta yake ghafla huko aliko anaweza kukuachia mstari wake humo muda wote huo. Njia ya pili haionekani sana, nayo ni utafutaji wa wenza bila seva ya kati, unaojulikana kwa kifupi chake DHT. Huo unatuma pakiti ndogo za UDP, njia nyepesi ya kutuma data bila kusubiri uthibitisho, kwa kompyuta nyingi mno, na kila moja inayoulizwa inachukua mstari kwa sekunde 30 au zaidi, hata isipojibu.

Ukiwa na ruta inayotumia OpenWrt, mfumo huria wa ruta unaotokana na Linux, unaweza kulisoma daftari hilo moja kwa moja: faili ya /proc/sys/net/netfilter/nf_conntrack_count inataja mistari iliyopo, na jirani yake nf_conntrack_max inataja mwisho wake. Kwenye ruta ya zamani niliyopewa niitengeneze, ya kwanza ilisoma 4,061 na ya pili 4,096, saa mbili usiku, na nyumba ile ilikuwa na kompyuta mbili tu zenye torenti. Nilishusha miunganisho ya kila kompyuta hadi 100, nikapunguza torenti zinazoendelea kwa pamoja hadi tatu, na baada ya siku moja daftari lilikuwa linacheza kati ya 700 na 900. Ruta ile haijachomolewa tena.

Tatizo la namna hiyo linaweza kuwa ndani ya kompyuta yenyewe. Mifumo mingi ya Linux inairuhusu programu moja kufungua faili 1,024 kwa wakati mmoja, na kila muunganisho unahesabiwa kama faili. Anayeweka miunganisho 2,000 kwenye mashine ya namna hiyo ataanza kuona makosa ya kushindwa kufungua hata faili anazopakua.

Nimesoma kwamba uTP inajipunguza yenyewe. Bado nahitaji kikomo?

uTP ni namna ya kusafirisha torenti juu ya UDP inayopima muda ambao pakiti zinasubiri njiani. Kusubiri kunapokaribia milisekunde 100 inapunguza mwendo, ili shughuli nyingine zipite. Wazo lake liliandikwa kuwa waraka wa kiufundi wa intaneti, RFC 6817, mwaka 2012, na binafsi ninaliona kuwa moja ya mambo ya ungwana zaidi yaliyowahi kuwekwa kwenye programu hizi, kwa sababu linamjali mtu ambaye hata hajui kwamba torenti ipo.

Hata hivyo halitoshi peke yake. Milisekunde 100 juu ya zile ulizokuwa nazo zinasikika kwenye mazungumzo ya sauti. Wenza wengine wataunganishwa kwa TCP ya kawaida, isiyo na adabu hiyo, na wingi wa wenza hauathiriwi na uTP hata kidogo. Iache iwashwe, na uweke kikomo vilevile.

Torenti ngapi ziendelee kwa wakati mmoja?

Chache kuliko unavyotaka. Kikomo hiki ndicho ningekibadilisha kwanza kama ningeruhusiwa kimoja tu baada ya kile cha kupakia, kwa sababu kinazidisha vingine vyote: torenti 10 zenye wenza 50 ni miunganisho 500, na zenye nafasi 4 ni nafasi 40 za kupakia. qBittorrent ina foleni inayoruhusu torenti 3 za kupakua, 3 za kupakia na jumla ya 5, na kwa nyumba nyingi hakuna sababu ya kuipandisha. Faili tano zinazoingia moja baada ya nyingine zinamaliza kwa muda uleule kama zingeingia pamoja, ila ya kwanza unaanza kuitumia mapema. Ukiona torenti isiyo na wenza inashikilia zamu bila kusonga, kuna mpangilio wa kutozihesabu torenti za polepole kwenye foleni, na huo ndio wa kuwasha badala ya kuongeza namba.

Ninatumia bando la simu. Kikomo cha kasi kitanilinda?

Hakitakulinda, na ninaomba usome hesabu hii kabla hujaacha kompyuta usiku kucha. Kikomo cha kilobaiti 50 kwa sekunde kinaonekana kidogo sana, lakini siku ina sekunde 86,400, na 50 mara 86,400 ni kilobaiti 4,320,000, yaani gigabaiti 4.3 zilizopakiwa kwa siku moja. Kampuni nyingi za simu zinahesabu kinachotoka sawa na kinachoingia. ISO ya Ubuntu 24.04 ya gigabaiti 6 hivi, ukiipakua na kuirudisha kwa kundi kwa uwiano wa 1, yaani kupakia kiasi sawa na ulichopakua, imekula gigabaiti 12 za bando.

Kwa mwenye bando, kikomo chenye kazi ni kile cha kiasi. Weka uwiano ambao torenti ikiufikia isimame yenyewe, uzime utafutaji wa DHT kama faili ina traka (seva inayowakutanisha wenza) inayofanya kazi, na usiiache programu ikianza pamoja na kompyuta. Kama huna uwezo wa kurudisha kwa uwiano wa 1, rudisha unachoweza, kisha siku utakapokuwa kwenye laini isiyo na kikomo cha data, fungua faili ileile uendelee kuigawa. Kundi halina kumbukumbu ya chuki.

Programu inaniambia siwezi kupokea miunganisho kutoka nje. Nifanye nini?

Kama ruta ni yako, fungua mlango mmoja (port) kwa ajili ya programu, ukichagua namba iliyo kati ya 49152 na 65535 badala ya 6881 hadi 6889, ambazo ni za zamani na mitandao mingine imezifunga. Lakini linganisha kwanza anwani ya IP iliyoandikwa ndani ya ruta na ile inayoonekana nje. Ikiwa ile ya ndani ya ruta inaanza na namba yoyote kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya ruta nyingine kubwa ya kampuni yako, inayotumia anwani moja ya nje kwa wateja wengi, na hakuna mlango utakaoufungua nyumbani ukaonekana nje. Hivyo ndivyo ilivyo kwa laini nyingi za simu. Utaendelea kupakua, kwa kuwa wewe unaweza kuanzisha muunganisho, ila hutaweza kukutana na mwenza mwingine aliye kwenye hali kama yako isipokuwa programu zenu zisaidiwe na mwenza wa tatu. Kampuni ikikupa IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, iwashe, maana mara nyingi huondoa kizuizi hicho.

Maabara yetu ya shule ina kompyuta ishirini zinazohitaji faili moja. Tufanyeje tusimalize data?

Swali hili ninalipenda kuliko yote kwa sababu hapa mtandao wa rika kwa rika unaonyesha uzuri wake. Kompyuta ishirini zikipakua gigabaiti 6 kila moja kwa kivinjari zinavuta gigabaiti 120 kupitia laini moja. Zikitumia torenti huku utafutaji wa wenza wa mtandao wa ndani ukiwa umewashwa, zitagundua kwamba ziko chumba kimoja, na sehemu kubwa ya data itapita kwenye waya wa ndani badala ya kulipiwa.

Mambo matatu huharibu mpango huu. La kwanza, qBittorrent kwa kawaida inatumia kikomo cha kasi hata kwa wenza wa ndani, kwa hiyo ondoa alama kwenye kisanduku hicho, la sivyo kompyuta mbili zilizo meza moja zitapeana data kwa kilobaiti 50. La pili, ruta nyingi za Wi-Fi za taasisi zimezuia vifaa kuonana, na kizuizi hicho kikiwapo hakuna kitakachogundulika. Waya ni bora hapa. La tatu, torenti za faragha, ambazo wenza wake hupatikana kwa traka yake pekee, haziruhusu utafutaji wa ndani kabisa. Njia iliyo salama zaidi ni kupakua kwenye kompyuta moja kwanza, usiku, kisha kuziwasha zile kumi na tisa asubuhi.

Je, kampuni ya intaneti inaweza kuibana torenti yangu hata nikiweka vikomo vizuri?

Inaweza. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Comcast ya Marekani, ambayo mwaka 2007 iligunduliwa kuwa inaingiza pakiti za kukatisha miunganisho ya torenti za wateja wake, kana kwamba mwenza wa upande wa pili ndiye aliyekata. Tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, iliiamuru iache mwezi Agosti 2008, na mwaka 2010 mahakama ya rufani ikasema tume haikuwa na mamlaka hayo. Kabla hujailaumu kampuni yako, fanya kipimo cha ping kilichoelezwa hapo juu. Kwenye nyumba nilizoombwa kuangalia, mara nyingi kizuizi kilikuwa ndani ya nyumba.

Nimekuta ushauri wa kubadilisha faili ya Windows ili kuondoa kikomo cha miunganisho 10. Niufuate?

Usiufuate. Ulihusu Windows XP baada ya sasisho lake la pili la mwaka 2004, lililozuia zaidi ya majaribio 10 ya miunganisho ambayo haijakamilika kwa wakati mmoja. Kikomo hicho hakipo kwenye Windows za leo, na programu zinazodai kukiondoa hazina kazi tena, na zinaweza kukuletea virusi.

Nodi ya Bitcoin nayo ni rika kwa rika. Mambo ni yaleyale?

Kwa sehemu. Bitcoin Core, programu ya kuendesha nodi, yaani kompyuta iliyomo kwenye mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Bitcoin, ina kikomo cha wenza 125, na kati yao ni 10 tu ambao nodi yako inawatafuta yenyewe na kukaa nao. Waliobaki ni wanaokuja kutoka nje, na mlango ukiwa umefungwa hawaji. Uzito wake uko kwenye kuwahudumia nodi mpya zinazotaka historia yote, ambayo sasa imepita gigabaiti 600. Mpangilio wa maxuploadtarget unaweka kikomo cha kiasi kwa saa 24, na kikikaribia, nodi inaacha kutoa bloku (mafungu ya historia hiyo) zenye umri wa zaidi ya wiki moja huku ikiendelea kupeleka mpya. Ni kikomo kilichofikiriwa vizuri, kwa kuwa kinakata huduma nzito ambayo wengine wanaweza kuitoa na kuiacha nyepesi ambayo mtandao unaihitaji kila dakika.

Ni lazima vikomo vikae vilevile saa zote?

Hapana. Programu zote mbili nilizozitaja zina ratiba ya vikomo vya pili vinavyojiwasha kwa saa na siku unazochagua. Kwetu, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tano usiku upakiaji ni asilimia 40 ya laini, na baada ya hapo unapanda hadi 80 mpaka alfajiri. Ukitaka jambo lenyewe lisitegemee kumbukumbu ya mtu wala ratiba, na ruta yako inaikubali OpenWrt, weka usimamizi wa foleni wa fq_codel au CAKE, uliowekewa kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyoipima. Hapo ruta yenyewe inagawa zamu, pakiti ya simu ya mtoto haikai nyuma ya pakiti mia mbili za torenti, na namba za kwenye qBittorrent zinabaki na kazi ya kulinda daftari la miunganisho. Kabla ya kununua ruta mpya kwa ajili hiyo, angalia kwanza kama kichakataji chake kinaweza kusimamia foleni kwa kasi ya laini yako, kwa sababu ruta nyingi za bei nafuu zinazoimudu laini ya megabiti 20 bila shida zinachoka kwenye megabiti 200.